Takwimu za uchaguzi kutoka mlangoni mwa kituo: mwongozo kwa wakusanyaji wa Nyanda za Juu Kusini

Mwaka 2015 Watanzania waliopiga kura ya Rais walikuwa takriban milioni 15.6. Mwaka 2020 walikuwa 15,091,950. Tofauti yenyewe si kubwa. Lakini ukisoma asilimia, 2015 ilikuwa kama 67 na 2020 ikawa 50.72, na msomaji mwenye haraka atakwambia nusu ya nchi imesusa. Kilichobadilika zaidi ni daftari: walioandikishwa walitoka 23,161,440 wakafika 29,754,699. Kwa lugha ya darasani ya sehemu, kiasi, namba ya juu, kilibaki karibu palepale; asili, namba ya chini, ndiyo iliyokua.

Nimeanza na mfano huo kwa sababu nimeona vijana wengi wazuri, wenye kompyuta nzuri, wakibeba asilimia bila kuuliza imezaliwa wapi. Kazi ya kukusanya takwimu za uchaguzi ni kuhakikisha kila namba inatembea na kwao: imetoka fomu gani, kituo gani, mipaka ya mwaka gani, na nani aliiandika. Namba za taifa zinajengwa na watu wa kata. Mtu wa kata kama Ilembo akiandika vibaya, Dodoma haiwezi kumsahihisha, kwa sababu Dodoma haikuwepo mlangoni.

Mwongozo huu ni kwa wenzangu wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe: asasi ndogo, walimu, wanahabari wa redio za jamii, wanafunzi wa vyuo. Unafaa kwa uchaguzi uliopita na kwa ujao.

Hatua ya kwanza: andika swali kabla ya kuchora jedwali

Sentensi moja inatosha. "Je, vituo vilivyo mbali na barabara ya lami Makete vina mahudhurio madogo kuliko vya karibu?" Hilo ni swali. "Tunataka takwimu zote za uchaguzi" si swali, ni mzigo. Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, bado hujawa tayari kwenda kumsumbua mtendaji wa kata.

Hatua ya pili: jua nani ameshika nini

Hapa watu wanapotea sana. Uchaguzi Mkuu wa Rais, wabunge na madiwani unasimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ambayo kabla ya sheria za 2024 tuliizoea kama NEC. Uchaguzi wa serikali za mitaa, yaani wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji, unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Na kila mmoja ana orodha yake. Tume ina Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Ule wa mitaa wa 27 Novemba 2024 ulitumia orodha yake, iliyoandikishwa kati ya 11 na 20 Oktoba mwaka huohuo. Mama aliyejiandikisha kwenye orodha ya kitongoji mwezi huo hakuwa ameingia kwenye Daftari la Kudumu kwa kitendo hicho. Kwa hiyo usichukue walioandikishwa wa uchaguzi mmoja ukagawanya nao kura za mwingine. Jibu litatoka, na halitakuwa na maana yoyote.

Idadi ya watu inatoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini. Kwetu huku Mbeya ilikuwa na 2,343,754, Songwe 1,344,687, Iringa 1,192,728 na Njombe 889,946. Hao ni pamoja na watoto wachanga, kwa hiyo unachohitaji ni jedwali la umri, wenye miaka 18 na kuendelea.

Ukihitaji taarifa ambayo haijachapishwa, andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu. Taja kata, mwaka na aina ya fomu. Barua yenye maneno "naomba takwimu za uchaguzi" itakaa mezani mpaka karatasi igeuke njano. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, uondoke nayo.

Hatua ya tatu: sawazisha mipaka

Kwa mikoa yetu hatua hii ndiyo yenye mitego mingi kuliko zote.

Uchaguzi wa 2010 ulifanyika Njombe ikiwa ndani ya mkoa wa Iringa. Mkoa wa Njombe ulianza 2012. Kwa hiyo "Iringa 2010" ina Makete, Ludewa na Makambako, wakati "Iringa 2015" haina. Upande wa pili, uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifanyika Mbozi, Ileje, Momba na Tunduma zikiwa bado Mbeya, na miezi mitatu tu baadaye, Januari 2016, mkoa wa Songwe ukaundwa. Nimewahi kuona mchoro wenye rangi nzuri ukionyesha wapiga kura wa Mbeya "wakiporomoka" kati ya 2015 na 2020. Hakuna aliyeporomoka. Walikuwa Vwawa, wanaendelea na kahawa yao, na mkoa ndio uliobadilika jina juu ya vichwa vyao.

Mwaka 2025 Tume iliongeza majimbo manane, nchi ikafikisha 272, na mojawapo ni Uyole, lililokatwa kutoka Mbeya Mjini. Ukitaka kulinganisha Mbeya Mjini ya 2020 na 2025, jumlisha Mbeya Mjini na Uyole za 2025 kwanza.

Dawa ni kushuka hadi kata, kisha kupanda tena. Tengeneza jedwali lenye safu hizi: jina la kata, halmashauri, jimbo na mkoa wa 2010, wa 2015, wa 2020, wa 2025. Kata moja, mstari mmoja. Ni kazi ya wiki nzima na haina sifa, lakini ukishaifanya utaitumia miaka kumi. Kata nazo hugawanywa, kwa hiyo acha safu ya "imetokana na kata gani".

Mpe kila mstari namba yake ya utambulisho, wala usitegemee jina. Kata ya Ruanda ipo Mbeya Jiji na ipo Mbozi. Igoma ipo Mbeya Vijijini na ipo Mwanza. Halafu kuna ile alama ndogo ya juu kwenye ng'. Simu moja inaandika Wanging'ombe kwa alama iliyonyooka, nyingine kwa alama iliyopinda, na kompyuta inaona wilaya mbili tofauti. Tulipoteza siku nzima kutafuta kata "zilizokosekana" za Wanging'ombe na Kilolo, kumbe zilikuwepo zote, zimejificha nyuma ya nukta hiyo.

Hatua ya nne: kubalianeni maana ya maneno

Kaa na timu yako, uliza kila mmoja: kura iliyoharibika ni ipi? Utapata majibu matatu. Mitaani tunasema "zimeharibika" kwa kura yoyote ambayo haikuhesabiwa. Kituoni ni mambo mawili. Mpiga kura akikosea kabla hajatumbukiza, anarudisha karatasi, anapewa nyingine: ile ya kwanza imeharibika, na mtu huyo bado atapiga kura. Karatasi iliyokutwa ndani ya sanduku haina alama, au ina alama kwa wagombea wawili, hiyo ni kura iliyokataliwa. Ukizichanganya, hesabu ya kituo haitakubali.

Lingine ni nafasi tupu. Tupu si sifuri. Mwaka 2020 majimbo zaidi ya 20 na kata nyingi wagombea walipita bila kupingwa, kwa hiyo kura ya ubunge au udiwani haikupigwa huko kabisa. Mtu akijaza 0 kwenye safu ya kura za ubunge, anasema watu walikuja, wakapewa karatasi, na hakuna aliyechagua. Sheria ya 2024 imeondoa kupita bila kupingwa, sasa mgombea pekee anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Maana yake safu ya 2025 ina namba mahali ambapo safu ya 2020 ina pengo, na pengo hilo lazima lielezwe.

Wamarekani wana zoezi la kitaifa la aina hii. Tume yao ya kusaidia uchaguzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2002, imekuwa ikikusanya takwimu baada ya kila uchaguzi wa shirikisho tangu 2004, kutoka maeneo zaidi ya 6,000, kila moja likiwa na utaratibu wake. Wameshughulika sana na suala hilihili la pengo, na jedwali lao lina alama mbili: -88 kwa jambo lisilohusika mahali hapo, na -99 kwa taarifa isiyopatikana. Wazo nimelipenda, namba zenyewe naziogopa, maana mtu akijumlisha safu bila kuchuja, kila -99 inakula kura 99. Sisi tunaandika HH kwa haihusiki na HP kwa haipatikani. Herufi haijumlishiki, na kompyuta ikikataa inakuwa imekusaidia.

Hatua ya tano: siku ya kura, andika uendeshaji

Matokeo yatatangazwa hata usipokuwepo. Kisichotangazwa ni jinsi siku ilivyokwenda, na hicho ndicho chenye thamani kwa anayetaka uchaguzi ujao uwe bora. Pata kibali cha uangalizi mapema kabla hujafikiria kuingia kituoni. Bila kibali, kaa nje kwa umbali unaoruhusiwa, na usipige picha ya mtu wala karatasi yake.

Andika muda kituo kilipofunguliwa na kilipofungwa, idadi ya watendaji, vyama vilivyokuwa na wakala, vifaa vilivyochelewa, kama kifaa cha nukta nundu kwa wasioona kilikuwepo, kama mlangoni pana ngazi, na urefu wa foleni kwa nyakati nne: saa 1, saa 4, saa 7 na saa 9. Hesabu vichwa. Maneno "watu wengi" hayaingii kwenye jedwali.

Kuhusu saa, nisikilizeni vizuri. Vituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Mwaka mmoja karani wetu aliingiza saa kama zilivyoandikwa kwenye madaftari, na kompyuta ikasoma 1:20 kama usiku wa manane umepita kidogo. Wastani wa muda wa kufungua ukatoka usiku, na wa kufunga ukatoka asubuhi. Tuliona haraka kwa sababu kosa lilikuwa kubwa. Lililotuumiza ni wale wachache walioandika kwa saa ya simu, 7:20, wakachanganyika na waliomaanisha saa saba mchana. Hao hatukuweza kuwatenganisha tena. Tangu hapo, kwenye karatasi tunaandika saa ya Kiswahili na neno lake, "1:20 asubuhi", na mtu mmoja tu ndiye anayegeuza kuwa 07:20 wakati wa kuingiza.

Hatua ya sita: soma fomu ya matokeo kwa macho mawili

Kura zikishahesabiwa, nakala ya matokeo hubandikwa kituoni. Watu wa vituoni wameizoea kwa jina la fomu 21, yaani 21A ya Rais, 21B ya ubunge, 21C ya udiwani. Ndiyo mzizi wa kila namba utakayoisikia redioni baadaye.

Nitaeleza moja niliyoikuta Umalila, huko Mbeya Vijijini, asubuhi ya siku iliyofuata. Ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa darasa la shule ya msingi, upande unaopigwa na upepo. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza usiku ule, kona ya chini imelowa, wino wa kalamu ya bluu umetoka kama chai iliyomwagika. Mistari ya juu ilisomeka. Mgombea wa kwanza alikuwa na namba inayoanza na 1 na kuishia na 7, na tarakimu ya katikati ilikuwa 3 au 8.

Namba halisi za kituo kile siziandiki, lakini njia ya kutoka ni hii, kwa mfano wa kubuni. Tuseme waliopiga kura ni 268, zilizokataliwa 7. Basi kura halali ni 261. Wagombea wengine wawili wanasomeka vizuri, 61 na 13, jumla 74. Ukitoa 74 kwenye 261 unabaki na 187. Tarakimu ni 8. Hesabu imekusomea kile macho yalichoshindwa. Lakini andika pembeni: "imekokotolewa, haikusomeka". Kesho mtu mwingine akija na picha safi ya fomu hiyohiyo, atajua wapi pa kuangalia.

Je, hesabu isipokubali? Usirekebishe. Andika kama ilivyo, weka alama, nakili maneno yoyote ya mawakala yaliyoandikwa chini. Makosa ya kujumlisha ya msimamizi aliyekesha na taa ya chemli ni taarifa pia. Ukisawazisha kimyakimya, umefuta kitu ambacho huna haki ya kukifuta.

Piga picha fomu nzima, kisha sehemu ya juu, kisha ya chini, huku jina la kituo likionekana. Na usitangaze mshindi. Kutangaza ni kazi ya waliopewa na sheria. Yako ni kutunza.

Hatua ya saba: ingiza mara mbili, tunza karatasi

Watu wawili tofauti, kila mmoja kwenye faili lake, kisha mnalinganisha. Zinapotofautiana, rudini kwenye karatasi wala msipige kura ninyi kwa ninyi.

Msitegemee mtandao. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Waliokuwa wakituma kila kitu kwa simu moja kwa moja walibaki na skrini tupu. Daftari la kurasa zenye mistari, kalamu mbili, penseli kwa ajili ya mvua, na mfuko wa nailoni wa kufungia, kama ule wa kubebea mbegu. Huko Kitulo ukungu peke yake unalowesha karatasi.

Hatua ya nane: pima kabla hujaamini

Anza na kujumlisha. Mwaka 2020 kura halali zilikuwa 14,830,195 na zilizokataliwa 261,755, jumla 15,091,950, imekubali. Mwaka 2010 halali 8,398,394, zilizokataliwa 227,889, jumla 8,626,283, imekubali pia. Sasa gawanya: zilizokataliwa zilikuwa asilimia 2.64 mwaka 2010 na 1.73 mwaka 2020. Fanya hivyohivyo kwa kila kata yako. Kata yenye asilimia 9 wakati jirani zake zina 2 haijakosea lazima, ila inastahili safari.

Kisha lipime daftari lenyewe. Walioandikishwa walikuwa 20,137,303 mwaka 2010. Mwaka 2015 uandikishaji ulifanywa upya kwa alama za vidole, na mashine za BVR zilianzia kwetu huku, Makambako, Februari ya mwaka ule. Daftari jipya halibebi marehemu wa lile la zamani. Kwa hiyo kupanda kutoka 42.84 ya 2010 hadi kama 67 kuna sehemu mbili, watu waliojitokeza zaidi na daftari lililosafishwa, na haki ni kuzitaja zote. Kwa 2025 Tume ilitaja walioandikishwa zaidi ya milioni 37.6. Chukua idadi ya kata yako, iweke kando ya watu wa miaka 18 na zaidi wa Sensa, uongeze waliofikisha umri tangu 2022. Walioandikishwa wakizidi watu wazima, tafuta sababu: wavunaji wa chai waliohamia Mufindi, chuo kilichofunguliwa, au majina ya waliokufa na kuhama. Uliza kwanza, hukumu baadaye.

Hatua ya tisa: tenganisha rasmi na ulichoona

Weka safu moja kwa takwimu zilizotangazwa na safu nyingine kwa yaliyoshuhudiwa, na usiruhusu moja iimeze nyingine. Kwa uchaguzi wa 2025 Tume ilitangaza mahudhurio ya kama asilimia 87, na waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika walitoa taarifa zenye ukosoaji mzito. Mkusanyaji mwaminifu anatunza vyote, na tarehe ya kila kimoja, ili mwanafunzi wa 2040 asilazimike kutuamini sisi.

Majina ya wapiga kura yasiingie kwenye faili lenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu ninyi pia, na hata isingekuwepo, jirani aliyekwambia amekataa kwenda kupiga kura alikuamini. Soma vilevile Sheria ya Takwimu ya 2015 pamoja na marekebisho yake ya 2018, yaliyobana uchapishaji, na ya 2019, yaliyolegeza. Isome mwenyewe kabla ya kuchapisha, usisimuliwe.

Hatua ya kumi: rudisha

Chapisha ukurasa mmoja kwa kila kijiji, uupeleke kwa mkono. Mwaka mmoja tulipeleka Kilolo. Tulisalimia, "Kamwene", tukaketi kwenye benchi nje ya ofisi ya kijiji, na mzee mmoja akaomba miwani ya mwenzake ili asome. Alikaa na karatasi ile muda mrefu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama kwenye kituo ambacho mahudhurio yake yalikuwa yameshuka sana na sisi tukawa tumeandika pembeni "mwamko mdogo".

"Wanangu, hapa mmetuonea," akasema. "Mwaka ule mwingine tulipigia hapa ofisini. Safari hii wamepeleka shuleni, ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa limekwenda na maji."

Tulifuta maneno yale palepale mbele yake. Jedwali letu sasa lina safu inayoitwa "kituo kilikuwa wapi uchaguzi uliopita", na nyingine ya "njia ya kufika".